Trekta inanyanyua pua nikiinua haro, pini nazo zinacheza. Nianzie wapi?

Bonde_la_Juu:

Wakuu habari za saa hizi. Nina trekta ya mtumba, nguvu za farasi 50, uzito wake kama tani 2 hivi, injini iko vizuri na gia hazina kelele. Haro, yaani lile jembe la diski la kuvunjavunja udongo, nimeinunua kwa mtu mwingine kabisa, ni ile ya kubebwa na mikono ya nyuma sio ya kuburutwa, kibao chake kimeandikwa kilo 650. Sasa tangu nivifunge hivi vitu viwili pamoja sina amani.

Kwanza pini za haro zinacheza ndani ya matundu ya mikono, yaani ukiinua unasikia kang! ukishusha kang! tena, na kule juu kwenye toplinki, ule mkono wa tatu wa juu, ndio balaa kabisa, pini imeshaanza kulika upande mmoja. Nilikata kipande cha bomba nikakivisha kama bushi, siku mbili tu kikapasuka.

Pili nikiinua haro juu ili nigeuze mwisho wa shamba usukani unakuwa mwepesi mpaka naogopa, nakata kona lakini trekta inaenda moja kwa moja, na nikipita kwenye tuta magurudumu ya mbele yanaruka.

Tatu, juzi nilitaka kung'oa kisiki, nikafunga cheni pale juu toplinki inapofungiwa kwenye trekta maana niliona ndio penye chuma kinene karibu na kiti. Nikaachia klachi kwenye gia ya kwanza, pua ikaanza kupanda taratibu halafu ghafla ikaja, nikakanyaga klachi ikashuka kwa kishindo. Mikono ilinitetemeka nusu saa nzima. Kuna jamaa akaniambia nirudie ila mtu akae juu ya boneti kuongeza uzito mbele. Sijarudia, nimeona niulize hapa kwanza.

Na la mwisho, kuna injini mbovu ya kilo kama 300 nataka kuinyanyua niihamishe, nina boriti ya chuma ya kufunga kwenye ile mikono ya nyuma. Inafaa au nitafute njia nyingine?

FundiGrisi:

Mkuu umefanya la maana sana kutorudia. La kisiki nawaachia wengine maana najua kuna mtu humu atalisemea vizuri kuliko mimi, ngoja nianze na pini.

Ile mikono haitengenezwi saizi moja, ina makundi. Kundi la 1 pini za chini zina unene wa milimita 22 na ya toplinki 19. Kundi la 2 za chini ni 28 na ya toplinki 25. Na umbali kati ya pini mbili za chini nao unatofautiana, kundi la 1 ni sentimita 68 hivi na kundi la 2 ni 82 na nusu. Sasa trekta za farasi 40 hadi 50 zipo pale mpakani, unaweza kukuta mikono ya kundi la 1 au la 2, na kwa maelezo yako naona kabisa trekta yako ni 2 na haro ni 1. Pini ya 22 kwenye tundu la 28 lazima igonge, hapo hakuna ubovu wowote, ni vitu viwili ambavyo havikuzaliwa pamoja.

Pima kwa venia, kile kipimo cha taya, usipime kwa tepu, tepu itakudanganya milimita 2 na hizo 2 ndio zote.

Dawa yake ni bushi za kununua zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, nje 28 ndani 22, na ya toplinki nje 25 ndani 19. Bomba lako lilipasuka kwa sababu bomba la maji ni chuma laini na lina mshono, ukiligonga mara mia kwa siku linafunguka pale pale kwenye mshono. Angalia pia kama pini za haro zimefungwa kwa nati, zikiwa za nati unaweza kuzitoa ukaweka za 28 moja kwa moja bila bushi. Ila usichomelee! Nimeona watu wanachukua pini nyembamba wanaijaza kwa welding halafu wanasaga mpaka iingie, ile pini imeshapikwa, siku ya siku inakatika kama kijiti na haro inadondoka upande mmoja barabarani.

Halafu hizo sentimita 14 za tofauti ya upana zina maana mikono yako imebanwa kwa ndani saba kila upande. Inua haro polepole huku mtu akiangalia kutoka pembeni, sio nyuma, uone kama cheni za pembeni zinakazika kupita kiasi au mkono unagusa kitu. Cheni za pembeni wakati wa kulima ziache zilegee kidogo haro ijitafutie njia, wakati wa kusafiri zikaze isiyumbe.

Na kila pini iwe na kipini chake cha usalama chenye ringi. Msumari uliokunjwa sio kipini.

Kisukari_cha_Shamba:

Mimi sioni shida sana ya mtu kukaa mbele, sisi tumefanya hivyo miaka na miaka, mnakaa wawili kwenye boneti trekta inatulia inavuta kisiki vizuri tu. Muhimu dereva awe mzoefu.

MamaTrekta:

Kaka yangu hapo juu nakuheshimu lakini hapana, tena hapana kubwa. Naendesha trekta mwaka wa kumi na saba sasa na hili naomba kila mtu alisome hata kama mengine hatayasoma.

Trekta ikivuta kitu kisichosogea, magurudumu ya nyuma yanashindwa kuzunguka. Injini haijui hilo, inaendelea kusukuma. Nguvu ikifika kwenye krauni, ile gia kubwa ya ekseli ya nyuma, ikakuta ekseli imegoma, kitu pekee kilichobaki cha kuzunguka ni trekta yenyewe, inajizungusha juu ya ekseli yake ya nyuma na pua inapanda. Ukifunga cheni chini, kwenye droba ya kufungia tela, ile cheni inavuta chini ya usawa wa ekseli, kwa hiyo cheni yenyewe inashindana na pua kupanda. Ukifunga juu ya ekseli kama ulivyofunga wewe, cheni inasaidia kupindua. Yaani injini inakupindua na cheni inakupindua, vyote kwa pamoja.

Na muda haupo. Tangu pua ianze kunyanyuka hadi trekta ilale juu ya dereva ni chini ya sekunde 2. Kuna kiwango ikishapita hata ukikanyaga klachi inaendelea yenyewe kwa uzito wake, na kiwango hicho kinafika kabla hujamaliza kushangaa. Wewe mguu wako ulikuwa tayari juu ya klachi ndio maana leo unaandika. Sasa niambie huyo aliyekaa kwenye boneti yeye anakanyaga nini? Trekta ikipinduka anatupwa, ikishuka kwa kishindo kama ya mdogo wetu hapa anaanguka mbele ya magurudumu. Uzito wa watu wawili hauzuii kitu hapo, unaongeza tu idadi ya wa kuumia.

Kwa hiyo kuvuta ni droba tu, ile inayofungwa tela chini katikati. Na kitu wengi hawajui, ile baa yenye matundu mengi inayopita kati ya mikono miwili ya chini nayo sio salama kwa kisiki. Haidroliki ya trekta nyingi inasukuma mikono juu tu, haiisukumi chini, mikono inashuka kwa uzito wake. Kwa hiyo cheni ikivuta kuelekea juu mikono inanyanyuka bure bila kizuizi, na pale pa kuvutia panapanda nayo. Ulianza ukiwa chini ya ekseli unamaliza ukiwa juu yake bila kujua.

Cheni iwe ndefu, gia ya chini, anza taratibu mpaka ikazike ndio uongeze. Usivute kwa kurukia, kwamba unarudi nyuma halafu unakuja kwa kasi ili uipe mshtuko. Kisiki kikigoma chimba mizizi uikate, jembe na shoka havijawahi kupindukia mtu. Kama trekta yako ina ile fremu ya kumkinga dereva isimame na ufunge mkanda. Kama haina fremu, mimi nisingevuta kisiki nayo kabisa.

Kisukari_cha_Shamba:

Nimekuelewa mama. Hilo la mikono kunyanyuka bure sikuwahi kulifikiria, leo jioni nimeenda kuijaribu kwa mkono na trekta imezimwa, kweli ule mkono unapanda ukiusukuma tu. Na siku zote ndio tunavutia pale pale. Watu hatuweki tena kwenye boneti.

Mizani_Sawa:

Ngoja nije kwenye usukani mwepesi maana hapo ni hesabu tu na ukishaiona hutaisahau.

Chukua trekta yako kama mizani, kitovu chake ni ekseli ya nyuma. Tuseme kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 1.9. Kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye vipira vya mikono, yale macho ya mviringo ambamo pini zinaingia, ni kama sentimita 90, na uzito wa haro umekaa kama mita 1 nyuma ya vipira. Jumla haro inaning'inia mita 1.9 nyuma ya ekseli. Bahati mbaya kwako ni sawasawa na urefu wa mbele, kwa hiyo kila kilo ya haro inaondoa kilo moja kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Haro kilo 650, mbele panapungua 650.

Sasa trekta ya tani 2 mbele huwa inabeba kama asilimia 40, kilo 800. Toa 650, zimebaki 150. Hizo ndio kilo zinazokukatia kona, mkuu. Kilo mia na hamsini za kugeuza trekta yenye mzigo wa tani 2 na ushee. Kanuni inayotumika ni kwamba mbele pasishuke chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu, kwako ni kilo 400.

Unahitaji kurudisha 250. Vyuma vya uzito vinavyotundikwa mbele ya pua vinasaidia zaidi ya uzito wake kwa sababu vimekaa mbele ya ekseli ya mbele, tuseme sentimita 60 mbele, basi kila kilo inafanya kazi ya kilo 1.3. Kilo 190 za vyuma zinakutosha. Vipimo vyako pima mwenyewe kwa tepu, hapa tepu inatosha, halafu kama kuna mizani ya magari karibu yako panda magurudumu ya mbele peke yake haro ikiwa juu uone namba halisi.

Na usiinue haro mpaka mwisho kama hakuna sababu, inatosha diski ziachane na udongo. Kwenye mteremko beba chini kabisa.

FundiGrisi:

Safi sana Mizani. Niongeze tu kwamba namba ya uwezo wa kuinua unayosoma kwenye vitabu vya trekta, soma imepimwa wapi. Kuna ya kwenye vipira vyenyewe na kuna ya sentimita 61 nyuma ya vipira, ya pili ni ndogo na ndio ya kweli zaidi maana hakuna mzigo unaokaa juu ya kipira. Trekta ikiinua tani moja na nusu kwenye vipira usidhani itainua hivyo hivyo mzigo uliokaa mita 2 nyuma.

Hapo ndio tunakuja kwenye injini yako na boriti. Kilo 300 sio nyingi, mikono itainua. Tatizo ni urefu wa boriti. Boriti nyingi zina matundu mawili matatu ya kutundikia, tumia tundu la karibu kabisa na trekta linalowezekana. Ile ile hesabu ya Mizani, kilo 300 ikining'inia mita 3 nyuma ya ekseli inaondoa mbele kilo 470 na kidogo, fungua haro weka boriti utashangaa pua inapanda karibu vilevile.

Cheni ya kuinulia tafuta iliyogongwa alama ya 8 au 80 kwenye pingili zake, hiyo ni chuma cha kazi ya kuinua. Ya milimita 8 inabeba tani 2 ikiwa imenyooka wima. Cheni ya kufungia geti haina alama yoyote na hujui itakatika saa ngapi. Pingili iliyolika asilimia 10 ya unene wake, au iliyovutika, itoe kazini. Ukifunga injini kwa miguu miwili ya cheni usiitanue sana, pembe kati ya miguu ikifika digrii 120 kila mguu unabeba uzito wote wa injini kana kwamba uko peke yake. Miguu mirefu pembe ndogo, hapo unakuwa salama.

Dereva_wa_Usiku:

Samahani naingilia kati, swali linahusiana. Trekta yangu nikiinua mzigo ule mzigo unatikisika, yaani unashuka kidogo unapanda kidogo kila baada ya sekunde chache kama unaitikia kwa kichwa, na nikizima injini asubuhi nakuta mzigo uko chini. Niendelee kutumia?

FundiGrisi:

Mafuta yanavuja ndani kwa ndani mkuu. Mzigo ukishuka kidogo, valvu inaona mikono imetoka mahali ilipowekwa, inarudisha mafuta, unapanda, unavuja tena, unashuka. Mara nyingi ni sili za pistoni ya kuinulia au valvu imekaa na uchafu. Anza na mafuta na chujio, kama mafuta ni meupe kama maziwa yameingia maji. Ikishindikana ndio ufungue juu uangalie pistoni.

Kulima unaweza ila usiwaze kabisa kuingia chini ya kitu kilichoinuliwa na mikono hiyo. Hata iliyo nzima. Mzigo ukiinuliwa ili ufanyiwe kazi unakaa juu ya stendi au magogo, haidroliki inainua tu, haishikilii. Hiyo injini ya Bonde_la_Juu nayo iwe hivyo hivyo, inua kidogo, sogeza taratibu, shusha. Usisafiri nayo shamba zima ikiyumba, ifunge kamba isibembee.

Plau_Mbili:

Wadau nawaombeni nafasi kidogo maana huu mfumo naupenda sana na nadhani ukijua ulivyotoka utaelewa kwa nini toplinki sio mahali pa kuvutia.

Zamani plau iliburutwa nyuma ya trekta kama tela. Ikigonga jiwe au mzizi mkubwa inashika, trekta inapanda pua, yale yale ya kisiki. Mtu mmoja wa Ireland, Harry Ferguson, akakaa na hilo tatizo miaka, mwaka 1926 akapata hataza ya mfumo wake wa kufunga plau mgongoni mwa trekta ukidhibitiwa na haidroliki, na mwaka 1939 ukaingia kwenye trekta ya Ford 9N, kutoka hapo dunia nzima ikaiga. Mikono miwili chini inavuta, mmoja juu unasukuma. Hapo penye kusukuma ndio pana akili yote. Plau ikizama ardhini udongo unajaribu kuipindua kwa mbele, ile toplinki inabanwa, inausukuma mwili wa trekta kuelekea mbele na chini, pua inashikiliwa ardhini. Na ule msukumo haidroliki inausoma, udongo ukiwa mgumu inainua plau kidogo, ukilainika inashusha.

Kwa hiyo pale juu pametengenezwa pasukumwe kuelekea mbele. Wewe ukafunga cheni ukapavuta kuelekea nyuma, umekigeuza kitu kilekile kifanye kinyume cha kazi yake.

Haro yako sasa, toplinki ukiifupisha diski za mbele zinakula zaidi, ukiirefusha za nyuma zinakula. Rekebisha mpaka ukiangalia kwa pembeni fremu iko sawa na ardhi wakati inalima, sio wakati imesimama.

MamaTrekta:

Nimekumbuka jambo moja la kufunga nikaona nisilale nalo. Fungeni mkono wa kushoto kwanza, halafu wa kulia maana huo ndio una kile kikono cha kuzungusha cha kuupandisha na kuushusha, toplinki mwisho. Kufungua unaanza na toplinki unarudi kinyume. Haro iwe imekaa chini imetulia, sio inaning'inia.

Na kama tundu halijakaa sawa na pini usiingize kidole kupapasa. Kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia hakina kucha, kilibanwa kati ya kipira na fremu ya plau wakati msaidizi wangu aliyekuwa kwenye kiti aliachia breki akidhani nimeshasema tayari. Sikusema. Nilikuwa nimesema "bado", kwa kelele za injini akasikia anachotaka. Tangu siku hiyo naingiza mtaimbo mwembamba kusogeza tundu, na aliye kwenye kiti hagusi chochote mpaka nisimame pembeni ya gurudumu la nyuma ananiona uso, injini ikiwezekana imezimwa. Hakuna mtu wa kusimama kati ya trekta na haro trekta ikirudi nyuma, hata mtoto wa kushika taa.

Bonde_la_Juu:

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya siku nne, nilikuwa nafanyia kazi.

Nimepima kwa venia, haro ni 22 kasoro kidogo kwa kulika, matundu ya mikono ni 28 na nusu. FundiGrisi ulipiga mle mle. Pini za haro kumbe ni za nati, kulikuwa na rangi nene na udongo sikuona, zimetoka baada ya kulowekwa usiku mzima. Nimeweka za 28 pande zote mbili na bushi ya toplinki. Kugonga kumeisha, unainua haro unasikia injini tu.

Mbele nimepima, ekseli kwa ekseli ni mita 1 na sentimita 93, kwa hiyo hesabu ya Mizani imekuja karibu ileile. Vyuma vya uzito nimepata vinne vya kilo 40, jumla 160, havijafika 190 ila usukani umerudi, natafuta cha tano.

Injini nimeihamisha jana kwa tundu la kwanza la boriti, ikiwa juu ya ardhi kama kiganja kimoja, mdogo wangu akitembea pembeni ameshika kamba. Kisiki nimekiacha. Tumeanza kukichimba kwa jembe, mizizi mitatu imeshakatwa, umebaki mmoja mnene unaoingia upande wa mtaro.

MamaTrekta pole sana kwa kidole. Swali la mwisho kwako, droba yangu ina tundu limelika limekuwa kama yai, pini inaingia na nafasi ya kama milimita 5 inabaki. Kwa kuvuta tela la mahindi niibadilishe kabisa au inavumilika msimu mmoja?

MamaTrekta:

Badilisha kabla ya mahindi. Tela lenye mzigo likishuka kilima linasukuma, likipanda linavuta, kila mara pini inapiga ukuta wa tundu, na hilo yai litaendelea kurefuka mpaka chuma kilichobaki nyuma yake kikatike. Wakati unaibadilisha angalia na pini yake, kama ina kiuno katikati tupa, na cheni ya akiba kati ya tela na trekta usisahau kuifunga.